Buti la kuwindia na kupandia milima: anza na mguu wako, jina la kampuni lije mwisho

#1 Nyayo Ndefu

Wakuu, salaam.

Mtu akiuliza "nichukue buti gani la kuwindia na kupandia milima?", majibu yanayomiminika ni majina ya makampuni. Huyu analisifu hili, yule analiponda, na muulizaji anaondoka na jina bila kujua lolote kuhusu mguu wake mwenyewe. Buti lililombeba mwenzako safari nzima linaweza kukuchubua wewe kabla ya jua la utosi, na wala si bovu. Limeundwa juu ya kalibu isiyofanana na mguu wako. Hoja yangu kwenye uzi huu ni hiyo: mguu kwanza, ardhi unayokanyaga pili, jina mwisho kabisa.

Kalibu, kwa asiyeifahamu, ni lile umbo la mguu la mti au plastiki ambalo ngozi ya kiatu huvutwa juu yake wakati wa kuunda. Kila kiwanda kina zake. Nyingine ni nyembamba kisiginoni na pana vidoleni, nyingine zimeinuka juu ya unyayo, nyingine zimebana mbele. Ndiyo maana namba 43 ya kampuni moja inakukaa sawasawa na 43 ya nyingine inakutesa, ilhali urefu ni uleule.

Namba yenyewe haisemi mengi. Kwa vipimo vya Ulaya, kutoka namba moja hadi inayofuata ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Kwa vipimo vya Uingereza ni theluthi ya inchi, kama milimita 8.5. Hapo tunazungumzia urefu tu. Upana na unene wa mguu havimo.

Kajaribu jioni. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na ukibeba mzigo unazidi. Nenda na soksi zilezile utakazotembea nazo. Pima miguu yote miwili, maana kwa watu wengi mmoja huuzidi mwenzake, na buti huchaguliwa kwa ule mkubwa. Kisha chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake. Ukiona nyama ya mguu imetoka nje ya ukingo, buti hilo ni jembamba kwako, na muuzaji akikwambia "litapanuka" usimsikilize. Ngozi hulainika na kulegea kidogo. Haiongezi upana wa soli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalitazami. Mguu wako una mahali pake pa kujikunja: pale penye mfupa uliotokeza nyuma ya kidole gumba cha mguu. Buti nalo lina mahali pake pa kujikunja. Hivi viwili lazima vikutane. Watu wawili wanaweza kuwa na miguu yenye urefu sawa, mmoja ana vidole virefu na unyayo mfupi, mwingine kinyume chake, na buti moja halitawafaa wote wawili. Charles Brannock wa Marekani alipounda kile kifaa cha chuma cha kupimia miguu katika miaka ya 1920, aliweka vipimo vitatu: urefu wote, upana, na urefu kutoka kisigino hadi kwenye huo mkunjo. Siku hizi maduka mengi hupima urefu tu, tena kwa kukisia.

Kulipima ni rahisi. Vaa buti, funga kamba hadi juu, piga goti moja ili kisigino cha nyuma kinyanyuke. Weka kidole kwenye mkunjo wa ngozi uliojitokeza, kisha papasa mfupa wako ulipo. Mkunjo ukiangukia mbele, juu ya vidole, ngozi itavibonyeza kila hatua, na hatua zenyewe ni maelfu kwa siku. Hapo hata malengelenge yasipotokea, utarudi na vidole vilivyovimba na unyayo unaouma katikati.

Jaribio la mwisho ni mteremko. Ngazi zinatosha. Shuka ukikanyaga kwa nguvu: vidole visiguse mbele hata kidogo. Kucha nyeusi zinazong'oka baada ya safari hutokana na hapo. Kisigino kikipanda kidogo kwenye buti jipya gumu, vumilia, litalainika. Kikipanda upana wa kidole, liache hapohapo.

Tuje kwenye ardhi. Mwindaji na mpanda milima hawataki kitu kimoja. Anayenyatia hutua ukingo wa nje wa unyayo kwanza, kisha analaza mguu taratibu. Anahitaji soli inayokunjika na isiyo nene mno, ili akihisi kijiti chini yake auinue mguu kabla hakijavunjika. Mwenye mzigo mzito mgongoni kwenye mawe anataka kinyume: soli ngumu yenye bati au kipande cha nailoni ndani, ili misuli ya unyayo isichoke kwa kujikunja juu ya kila jiwe. Ukitaka moja la kazi zote mbili, tafuta ugumu wa kati. Lishike kisiginoni na nchani ulikunje: likubali kwa nguvu ya mikono, tena pale penye vidole tu, si katikati. Kisha lisokote, likijisokota kama nguo inayokamuliwa, halifai kwenye mawe.

Meno ya soli yana historia ya uchungu. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa kwenye milima ya Alpi ya Italia, na Vitale Bramani, aliyekuwa na kundi hilo, aliona kuwa viatu vyao vilichangia. Zama hizo watu walivaa mabuti mazito yenye misumari kwa njia za chini, kisha wakabadilisha na viatu vyepesi vya soli laini kwenye miamba, na hivyo vyepesi havikufaa kwa baridi kali na barafu. Mwaka 1937 Bramani alitoa soli ya raba yenye meno, akaianzishia kampuni iliyobeba jina lake lililofupishwa, Vibram. Waitalia waliofika kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mwaka 1954 walivaa soli hizo. Leo karibu kila buti la porini lina meno ya namna hiyo, lakini tazama nafasi kati yake: yakibanana, tope linajaza na unabaki na soli laini inayoteleza. Kwa udongo wa mfinyanzi nataka meno yaliyoachana. Kwa miamba mikavu, yaliyo karibu na yenye uso mpana hushika vizuri zaidi.

Uzito usiupuuze. Utafiti wa jeshi la Marekani katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa uzito ulio mguuni hula nguvu takriban mara 5 kuliko ukiwa mgongoni. Gramu 200 ulizoongeza kwa kupenda buti linaloonekana imara ni sawa na kubeba kilo nzima zaidi.

Nimeandika mengi, na mengine nimeyaacha makusudi ili wajuzi wachangie. Karibuni.


#2 Mwana wa Porini

Uzi wa maana sana huu, mkuu. Naweka kambi.

Swali langu: miguu yangu ni bapa na mipana. Kila buti linanibana kwenye kidole kidogo, nikichukua namba kubwa zaidi kisigino kinacheza. Nifanyeje?


#3 Nyayo Ndefu

Mkuu, kuongeza namba ili kupata upana ni kosa la wengi na ndilo linalokuletea huo mchezo wa kisigino. Ukiongeza namba unasogeza pia ule mkunjo mbele, kwa hiyo umepoteza pande mbili. Tafuta makampuni yanayotoa namba moja kwa upana tofauti. Huwa wanaandika herufi pembeni ya namba, D ikiwa upana wa kawaida kwa wanaume, EE na EEEE ikizidi kuwa pana.

Pia chezea kamba. Kama panabana juu ya kidole kidogo, ruka tundu moja upande huo, usivushe kamba juu ya pale panapouma. Halafu pale mguu unapopinda kuelekea kwenye kifundo, zungusha kamba mara mbili badala ya mara moja kabla ya kuendelea juu. Huo mzunguko wa pili unashika: sehemu ya chini inabaki imelegea kama ulivyoiacha, ya juu unaikaza upendavyo, na kisigino kinakaa nyuma mahali pake.


#4 Mwendo Mwepesi

Hapo kwenye mabuti naomba nitofautiane nanyi wakuu. Mimi niliachana nayo, natembea na viatu vyepesi vya kukimbilia porini. Vinakauka haraka, ni vyepesi, na mguu unahisi ardhi. Hoja ya kwamba buti refu linakinga kifundo kisiteguke naona inarudiwa tu bila ushahidi.


#5 Nyayo Ndefu

Mwendo Mwepesi, sehemu kubwa ya usemalo nakuunga mkono. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1993 uliowafuatilia wachezaji 622 wa mpira wa kikapu wa vyuo, wenye viatu vya shingo ndefu na wa shingo fupi, na haukupata tofauti ya maana katika kuteguka. Uwanja wa kikapu si jabali lenye mawe yanayobingirika, hilo ni kweli, ila inatosha kutufanya tusiuze shingo ndefu kama dawa ya kuteguka.

Mimi shingo ndefu naipendea mambo mengine: miiba, vijiti vinavyochoma muundi wa mguu, mawe madogo kuingia, tope, na kukita kifundo kwenye jiwe. Mwindaji hafuati njia iliyolimwa. Anaingia vichakani anakokwenda mnyama. Kwa anayetembea kwenye njia safi na begi jepesi, viatu vyako vinatosha kabisa na nitakuwa wa kwanza kumshauri avinunue. Ila vikague soli. Povu jepesi la katikati linabonyea likabaki limebonyea muda mrefu kabla ya kiatu kuonekana kimechakaa kwa juu, na mwiba mrefu unalipenya bila shida.


#6 Binti Kilele

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Naongeza upande wetu wanawake. Wauzaji wengi wanatupa buti la kiume la namba ndogo. Miguu mingi ya kike ina kisigino chembamba ikilinganishwa na upana wa mbele, na shavu la mguu wetu mara nyingi linaanza kunenepa chini zaidi, kwa hiyo shingo ya buti la kiume inatukaba hapo. Natafuta lililoundwa kwa kalibu ya kike, si lililobadilishwa rangi tu. Kuligundua ni rahisi: weka la kike na la kiume la namba sawa kisigino kwa kisigino, tazama kwa nyuma. Kama visigino vina upana uleule, umeuziwa rangi.

Hata hivyo dada mwenye mguu mpana achukue la kiume bila wasiwasi, na kaka mwenye kisigino chembamba ajaribu la kike. Mguu ndio unaoamua.


#7 Mwana wa Porini

Dada umenifungua macho. Na la kuzuia maji je? Kuna yale yenye utando wa Gore-Tex ndani. Yanafaa?


#8 Mtaalamu wa Tope

Nijibu hilo mimi.

Utando ule kwa miaka mingi ulikuwa plastiki ya PTFE, ileile ya Teflon, iliyonyooshwa haraka hadi ikawa na vitundu vingi mno, njia aliyoigundua Mmarekani Bob Gore mwaka 1969. Tone la maji ni kubwa mno kupita kwenye kitundu, mvuke wa jasho unapita. Kwa maelezo hayo unaona kama tatizo limekwisha, lakini kuna masharti. Mvuke hutoka vizuri pale ambapo ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Nje kukiwa na joto na hewa nzito yenye unyevu, hautoki, na mguu unalowa kwa jasho lako mwenyewe. Sharti la pili: maji yakiingia kwa juu, unapovuka kijito kilichozidi shingo ya buti, yale yaliyozuiwa kuingia sasa yamezuiwa kutoka. Buti la namna hiyo linachukua muda mrefu sana kukauka.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi: baridi, umande, theluji, matope ya kina kifupi, chukua lenye utando. Joto na kuvuka mito mara kwa mara, chukua lisilo na utando, la kitambaa cha nailoni pembeni, lenye vitundu vya kutolea maji chini ubavuni. Mabuti ya msituni ya jeshi la Marekani ya wakati wa vita vya Vietnam yalitengenezwa kwa fikra hiyo: maji yataingia tu, basi yapewe njia ya kutoka.

Na kwa anayekaa kwenye kinamasi akisubiri bata, asijisumbue na ngozi wala utando. Buti la mpira, basi. Tena halishiki harufu ya mtu kama ngozi inavyoshika.


#9 Fundi Sindano

Wakuu, mimi ni fundi viatu, mabuti yanapita mikononi mwangu kila siku. Nawaomba jambo moja: mkinunua, ligeuzeni mtazame limeunganishwaje. Neno "imara" ndipo linapoamuliwa.

Yako ambayo soli imebandikwa kwa gundi tu. Mepesi, yanakunjika vizuri, ila soli ikiisha mara nyingi safari imeishia hapo. Yako yaliyoshonwa: ukitazama pembezoni utaona ukanda wa ngozi umezunguka buti, umeshonwa upande mmoja na sehemu ya juu, upande mwingine na soli. Hilo nikiletewa nakata nyuzi za soli, naondoa iliyokwisha, nashona mpya, sehemu ya juu haijaguswa. Naweza kurudia hivyo mara kadhaa. Angalia lakini, wengine wanachora mshono wa bandia kwenye plastiki. Ingiza ukucha kati ya nyuzi: mshono wa kweli umeibana ngozi, wa bandia umekaa juu juu.

Kuhusu ngozi. Inayodumu ni ile ya tabaka la juu la mnyama ambayo haijakwanguliwa uso. Ibonyeze kwa kidole gumba, itatoa mikunjo midogo midogo kama ya ngozi yako. Ile ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki inang'aa vizuri dukani, lakini ukiikunja inatoa mstari mmoja mkali, na ndipo itakapopasukia. Hesabu pia mishono. Kila mshono ni mlango wa maji na ni mahali pa uzi kukatika, hivyo buti la kipande kimoja kikubwa cha ngozi linashinda lile la vipande vingi vya mapambo.

Mafuta nayo watu wanazidisha. Ngozi ikinyweshwa mafuta kila wiki inalegea, buti linapoteza umbo na kushindwa kushika mguu. Safisha tope, acha likauke, paka nta ya nyuki au dawa ya ngozi kiasi, pale tu uonapo imekuwa kavu na imepauka.


#10 Nyayo Ndefu

Fundi, asante sana. Hilo la ukucha kwenye mshono sikuwahi kulisikia likielezwa vizuri hivyo.

Naomba nigusie soksi, maana zinaharibu kazi ya buti zuri. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia. Ngozi ya mguu inalainika na kushikamana na soksi. Malengelenge hayatokani na kusuguliwa kwa juu tu kama wengi tunavyodhani. Mfupa ndani unakwenda mbele na nyuma kwa kila hatua huku ngozi ya nje imeganda kwenye soksi, na matabaka ya katikati yanavutwa hadi yanaachana, ndipo majimaji yanapojaa. Kwa hiyo punguza unyevu na punguza mvutano: sufu, au soksi nyembamba ndani ya nene ili hizo mbili ziteleze zenyewe kwa zenyewe. Na ukihisi mahali pameanza kuchoma, simama dakika hiyohiyo, kausha, bandika plasta. Ukisema utafanya hivyo ukifika kambini, umechelewa.


#11 Binti Kilele

Nimelowa mara nyingi na jirani wa kambi ananishauri niweke mabuti karibu na moto. Fundi, hilo vipi?


#12 Fundi Sindano

Hapana, dada yangu. Moto unakausha uso wa ngozi haraka, inasinyaa na kupasuka, na gundi ya soli inalegea. Toa soli ya ndani, legeza kamba, fungua ulimi wote, jaza magazeti makavu, badilisha yakilowa. Weka kivulini penye upepo. Kama mkono wako hauwezi kukaa mahali hapo kwa utulivu kwa sababu ya joto, na buti lisikae.


#13 Mwendo Mwepesi

Nimalizie na swali. Kuna mabuti niliyahifadhi kabatini miaka mingi, hayajatembea sana, yanaonekana mapya kabisa. Yanafaa kwa safari ndefu?


#14 Fundi Sindano

Yakague kwanza, mkuu. Soli nyingi za katikati ni za poliyurethani, aina ya plastiki ya povu, na hiyo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa taratibu hata kama buti limekaa tu. Kwa kweli linalokaa bila kuvaliwa linaweza kuharibika mapema kuliko linalotembea. Mtu anatoka nalo asubuhi, mchana soli inamomonyoka yote akiwa mbali na njia.

Bonyeza ile sehemu ya katikati kwa ukucha kuzunguka buti zima. Ikirudi, vizuri. Ikibaki na alama, ikitoa unga, au ukiona nyufa ndogo ndogo ukikunja, usiende nayo popote. Ikipita hapo, yavae siku kadhaa karibu na nyumbani ukiwa na mzigo mgongoni, ukague tena ndipo uamue. Na kama sehemu ya juu ni nzima na imeshonwa, mpelekee fundi abadilishe soli yote. Hakuna haja ya kuyatupa.